Mwaka Nilioamini Vioo Havina Kitu

Kwenye hitma ya Fundi Mkwinda, kule Mingoyo, nilikaa jamvini na wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu vya pilau. Mmoja wao, ambaye hakunijua, alikuwa akimsimulia mwenzake kwamba marehemu ndiye aliyeleta vile vioo hospitalini Kilwa. "Kompyuta zisizo na kompyuta," alisema. "Unaiona, unaiandikia, lakini yenyewe haipo pale." Mwenzake akauliza, "Sasa ipo wapi?" "Ipo chumba kingine." "Basi si bora ukakae hukohuko chumba kingine?" Wakacheka, nami nikacheka nao, na vitunguu vikanisaidia kuficha machozi yaliyokuwa na sababu nyingine. Sikuwaambia kuwa chumba hicho kingine nakijua, na kwamba ufunguo wake niliubeba mfukoni mwaka mzima. Siku hizi nina mvi, nafundisha mafundi wa kompyuta, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeniuliza swali lilelile: data zikae pamoja, au kila seva ikae na zake? Huwa nawajibu taratibu, kwa mifano. Lakini jibu lenyewe lilinipata Kilwa, na halikunipata taratibu.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na mwaka ule niliishi na hofu. Chumba cha seva kilikuwa zamani chumba cha kufulia mashuka ya wagonjwa. Katikati ya sakafu bado kulikuwa na mfereji, na mvua kubwa iliponyesha maji yalirudi juu kupitia mfereji huo, yakiwa na harufu ya sabuni iliyokwisha miaka mingi. Seva zetu mbili, kompyuta kubwa zinazohudumia nyingine zote, zilikaa juu ya karo la saruji tuliloliwekea mbao. Kiyoyozi kilikuwa kimoja, na nilikuwa nimejifunza sauti zake kama mama anavyojifunza pumzi za mtoto mwenye homa. Kikikohoa, nilisimama. Kikinyamaza, nilikimbia. Hewa ya chumvi ilikuwa imeshazila bawaba za mlango na kuanza kuyala madirisha, na kila nilipoona kutu mpya nilijiuliza ni nini kingine kinaliwa ambacho sikioni. Mchana nilikula kwa mama mmoja aliyeuza ugali wa muhogo na samaki wa nazi nyuma ya hospitali. Nilikaa upande wa kulia wa benchi, kwa sababu kutoka pale niliweza kusikia kiyoyozi.

Nieleze vioo ni nini, kwa kuwa mambo yote yalianzia hapo. Kompyuta za kawaida zilikuwa zinatufia. Vumbi liliingia, chumvi ikaingia, umeme ukapanda na kushuka, na baada ya mwaka mmoja ulikuwa na sanduku la bati. Ndipo mradi fulani ukatuletea njia nyingine. Wodini unaweka skrini, kibodi na kipande kidogo kama pakiti ya majani ya chai, basi. Kompyuta zenyewe, thelathini na kitu, zinaishi ndani ya seva, hazina mwili, kila moja ni faili tu. Muuguzi akikaa mbele ya skrini anaona kompyuta kamili, anaandika, anachapa, lakini anachokiona ni picha inayotoka chumba cha kufulia. Akitoka na kufunga kazi yake, kompyuta ile inafutwa, na anayefuata anapewa mpya, safi. Kumbukumbu rasmi za wagonjwa zilikuwa mahali pengine salama. Wauguzi wakaziita skrini hizo vioo, na jina likashika.

Swali likawa, mafaili ya kompyuta hizi zisizo na mwili tuyaweke wapi? Fundi Mkwinda, aliyekuwa mkuu wangu, alinieleza tukiwa tunakunywa chai ya tangawizi, mguu wake mmoja juu ya karo. "Nyumba mbili, Hadija. Unaweza kuipa kila nyumba mtungi wake wa maji, ndani kwake. Hiyo ni diski ndani ya kila seva. Au unachimba kisima kimoja, nyumba zote mbili zikachota hapo. Hilo ni kabati la diski la pamoja." Nikamwambia mtungi uko karibu, ni rahisi, na una kasi. "Kweli," akasema. "Na nyumba ikiungua?" "Mtungi unaungua nayo." "Na kisima?" "Kinabaki. Nyumba ya pili inaendelea kuchota." Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki hata kwa mashine, akaongeza: "Lakini kisima kikiingia sumu, nyumba zote zimekufa. Hakuna cha bure hapa. Ukichagua, ujue umechagua kuogopa nini." Yeye alipenda kisima. Mradi ulikuwa umetuazima kabati la majaribio kwa miezi mitatu, na miezi hiyo ilikuwa ikielekea ukingoni.

Mimi sikulipenda kabati. Saa moja na nusu asubuhi, zamu ilipobadilishana, vioo vyote, vilivyokuwa vimesinzia usiku bila kufungwa, viliamka pamoja, na vyote vikakimbilia kwenye kisima kimoja. Foleni. Kila wodi iliangalia kiduara kikizunguka. Metroni, Bi Salima, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alipita mlangoni kwangu kila asubuhi. "Binti fundi! Kioo changu kimeamka, au bado kinanawa uso?" "Shikamoo, Metroni. Dakika mbili tu." "Marahaba. Hizo dakika mbili zako mwenzangu keshazaa na kunyonyesha." Wauguzi waliokuwa nyuma yake walicheka, na mimi nikaona aibu inayoniunguza masikio. Fundi aliniambia dawa ilikuwepo, kwamba vioo viamshwe mapema, kimoja kimoja, kabla watu hawajafika. Nilimsikia. Sikumsikiliza. Nilikuwa kijana, nilitaka Metroni anyamaze.

Kisha Fundi akaitwa Lindi kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na uamuzi ukaangukia kwangu. Alikuwa na desturi moja ambayo wengi waliiona ya kizee: kila uamuzi uliandikwa kwenye daftari kubwa lenye jalada jeusi, na chini yake uliandika kwa nini. "Chagua mwenyewe," aliniambia akiwa na mfuko wake begani. "Lakini usichague ukiwa humu ndani. Zunguka wodini kwanza, uwaulize." Nikazunguka. Niliingia kila wodi, nikasimama mlangoni na kitambulisho changu kifuani, nikauliza: "Jamani, kuna mtu ameweka kitu chake kwenye kompyuta?" Wote walijibu kwa adabu, wengine mikono ikiwa kifuani. "Hapana, dada. Hatuna kitu humo." "Sisi tunafanya kazi tu, mwanangu." Mzee wa duka la dawa alikaribia kuapa. Leo namwelewa kila mmoja wao. Walidhani natafuta nyimbo na picha za harusi. Niliuliza kama askari, wakanijibu kama raia wema. Nikarudi nikaandika daftarini: tunaweka diski ndani ya kila seva. Chini yake, kwa nini: vioo havina kitu.

Nikayahamishia mafaili kwenye diski za seva, na kabati likarudishwa. Asubuhi iliyofuata vioo viliamka kabla mtu hajavuta kiti. Metroni alipita mlangoni, akanitazama, akasema, "Leo umetuamkia vizuri," nami nikatembea siku nzima kama niliyevishwa taji. Hofu ilipungua kwa muda wa wiki kama saba, Fundi akiwa bado Lindi akingoja zamu yake ya upasuaji. Nazisema wiki hizo kwa uchungu, kwa sababu ndani yake palikuwa na jambo moja lililotendeka mbele ya macho yangu kila siku, na sikuliona.

Jambo lenyewe ni hili. Watu wa pwani ile hawamfungii mwenzao mlango usoni. Ukiondoka kwenye kiti na mwenzio anakuja kukaa, unamwachia kikiwa na joto lake. Muuguzi wa zamu ya asubuhi alipomaliza, hakufunga kazi yake kwenye kioo. Angefunga, angemlazimisha mwenzie aanze upya, aingize namba, asubiri. Huo ungekuwa ufidhuli. Alisimama, akavuta kiti nyuma, akasema, "Karibu, bibi, kiti hicho," na wa mchana akakaa palepale, kwenye kazi ileile iliyo wazi. Wa usiku vivyo hivyo. Niliona nikafurahi, nikasema watu hawa wanaishi vizuri. Sikufikiri kwamba kompyuta inayofutwa inapofungwa haitafutwa kamwe kama haifungwi. Kioo cha wodi ya wazazi kilikuwa hakijafungwa tangu siku kilipowekwa. Kilikuwa kimekuwa chumba cha watu, na ndani ya chumba watu huweka vitu.

Kitu kimoja kilikuwa cha Metroni. Kulikuwa na watu wachache wenye damu ya kundi adimu, O hasi, na mwenye damu hiyo hawezi kupokea nyingine yoyote. Kwa miaka mingi Metroni alikuwa amewatafuta mmoja mmoja, sokoni, uwanja wa mpira, kwenye misiba, akaandika majina na namba zao za simu kwenye daftari. Siku ya mafunzo niliwaambia wauguzi kwa bashasha kwamba karatasi huliwa na mchwa na kompyuta haina mchwa. Akaniamini. Akaihamishia orodha yake kwenye kioo cha wodi, akaiweka katikati kabisa ya skrini ili kila zamu iione, na daftari akalichoma pamoja na taka.

Ilikuwa Ijumaa, kama saa saba kasorobo. Sikusikia mlipuko wala kuona moshi. Nilisikia tu kwamba sauti moja imepungua. Seva ya pili ilikuwa imezima, na nilipoigusa mgongo ilikuwa ya moto kama sufuria. Baadaye tulikuta sehemu za ndani zimekuwa kijani kwa kutu ya chumvi. Nikajisemea, hakuna neno, vioo havina kitu. Nikavihamishia vioo vyote vya seva ya pili kwenda seva ya kwanza, vikaamka vipya, safi, na nilijipongeza kwamba imechukua dakika nne. Ndipo niliposikia kandambili zikikimbia kwenye kibaraza, na mlango ukafunguliwa bila hodi. "Hadija," alisema Metroni. Hakuniita binti fundi. "Orodha yangu iko wapi?"

Wodini kulikuwa na mwanamke wa Mitole aitwaye Somoe, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kike saa moja kabla, na damu yake ilikuwa haikatiki. Daktari alikuwa amefanya anavyofanya daktari. Kwenye jokofu la maabara palikuwa na chupa moja tu ya damu yake, na ilikuwa imeshatundikwa. Kwenye kioo, mahali palipokuwa na orodha, palikuwa na rangi ya buluu. Buluu tupu, safi, nzuri. Nimeona maiti kabla na baada ya siku ile, lakini sijaona kitu kilichonitisha kama buluu ile. Nyuma ya pazia mtu alikuwa anasema kwa sauti ndogo, "Nasikia baridi, jamani. Nifunikeni." Mkunga akajibu, "Tumekufunika, mama. Tumekufunika mara tatu."

"Niambie inarudi," Metroni alisema. Nikasema ipo kwenye diski ya seva iliyokufa. "Sikuulizi tena iko wapi. Inarudi?" Nikasema najaribu. Akageuka, akaanza kuwataja watu hewani, macho amefumba. "Yule mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mwenye kovu hapa. Yule muuza pweza. Mke wa fundi cherehani, lakini yule amehamia Milola. Namba zao sina. Jamani, namba zao sina!" Akamwita mlinzi, Mzee Bakari, apande bodaboda. "Nenda msikitini. Mwalimu yumo, na muuza pweza yumo." Mzee Bakari akasema, "Metroni, khutba itakuwa imeshaanza. Wakati wa khutba hata mwenzio anayeongea humwambii nyamaza." "Ikatize." "Nikatize khutba mimi?" "Ikatize, Bakari! Dhambi niandikiwe mimi, na hapa kuna mashahidi." Akaondoka huku akisoma dua kwa sauti.

Nilirudi chumba cha kufulia. Nikazichomoa diski kwenye seva iliyokufa, nikazipachika kwenye iliyo hai. Seva haikuzitambua. Ziliandikwa kwa mpangilio uliosomwa na kidhibiti cha mama yao tu, yaani seva ile, na mama yao alikuwa amekufa. Nikajaribu tena, kwa mpangilio mwingine, na hapo nikasimama, kidole juu ya kitufe, kwa sababu ujumbe kwenye skrini ulikuwa unaniuliza kama nataka kuzifuta zianze upya. Jasho lilinidondoka kwenye kibodi. Kama kabati la pamoja lingekuwepo, faili la kioo kile lingekuwa limekaa pale salama, nami ningeliamsha kwenye seva ya kwanza na orodha ingekuwa inamsubiri Metroni palepale katikati ya skrini. Dakika nne zilezile. Nililijua hilo kwa ukamilifu, kama mtu anavyojua jina lake, na kulijua hakukusaidia kitu. Nikabonyeza hapana. Nikajaribu tena. Diski zile hazikufunguka siku ile, wala hazijafunguka mpaka leo.

Mzee Bakari aliikatiza khutba. Alisema baadaye kwamba imamu alinyamaza, akamsikiliza, kisha akasema mimbarini, "Mwenye damu hiyo anyanyuke sasa, na swala yake iko huko." Wanaume saba walikuja, wengine wakiwa wameshika viatu mkononi. Watano hawakujua hata kundi lao, walikuja tu. Muuza pweza alikuwa ametoka kuugua malaria, maabara wakamkataa, akakaa chini kwenye kibaraza akalia kama aliyetukanwa. Mwalimu damu yake ilifaa. Nilimwona akipita, mrefu, na kovu lake, akivuta mkono wa kanzu juu kabla hajafika mlangoni. Chupa ya pili ikatundikwa. Jioni daktari alisema damu imekata. Sikuwa na ujasiri wa kumuuliza ilikuwa imebaki kiasi gani.

Jumapili Fundi Mkwinda alirudi kutoka Lindi akiwa na pamba kwenye jicho moja. Alikuwa ameshaambiwa. Alilichukua daftari jeusi, akalileta karibu na jicho zima, akasoma nilichoandika, akasoma tena. Nilisubiri anifukuze. "Uliwauliza?" akasema. "Niliwauliza wote." "Ukawauliza vipi?" Nikamweleza. Akalifunga daftari, akasema, "Ulichagua vizuri kabisa, kwa hospitali ambayo haipo." Nikaanza kumwomba radhi. Akanizuia kwa mkono. "Si mimi. Mimi sikuvuja damu. Mwenyewe yuko wodini, nenda."

Somoe alikuwa ameegemezwa mito miwili, midomo yake haina rangi, mtoto yuko kifuani. Mama yake alikuwa amemletea uji wa mtama kwenye chupa ya chai. Nikampa pole, nikamsalimia mama yake, halafu nikaanza kusema seva, diski, na nikaona macho yake yananipotea. Nikaacha. Nikaanza upya, polepole, kwa maneno ya nyumbani: kwamba majina ya watu wenye damu kama yake yaliwekwa ndani ya nyumba mbovu, na aliyechagua nyumba hiyo ni mimi, kwamba palikuwepo mahali pazuri zaidi nikapakataa kwa sababu nilikuwa naona aibu ya kuchelewa asubuhi. Ilinichukua muda mrefu. Naamini ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu niliyoeleza kitu mpaka mtu akakielewa. Mama yake aligeuza uso ukutani. Somoe alimweka mtoto vizuri kwanza. "Kwa hiyo yale majina yamepotea." "Yamepotea." "Na wodi nyingine?" aliuliza. "Wao wameweka nini humo?"

Nilitaka kumjibu kwamba hawajaweka kitu, kama nilivyoandika. Lakini hata kuhusu orodha ya Metroni nilikuwa nimeandika hivyohivyo. Vioo vyote thelathini na kitu wakati huo vilikuwa kwenye mtungi mmoja uliobaki, seva ya kwanza, yenye chumvi ileile ya miaka ileile, na kiyoyozi kilekile. Nikasimama. Nadhani sikumuaga. Niliingia wodi ya watoto, na safari hii sikusimama mlangoni, nilivuta kigoda nikakaa karibu na muuguzi, nikamwambia, "Dada, nionyeshe unavyofanya kazi." Akaona haya kidogo, kisha akaanza. Akanifungulia ukurasa mmoja wenye majina ya watoto wa kifafa, kila mmoja na kipimo chake cha dawa na siku ya kurudi. Haukuwa mahali pengine popote. Duka la dawa, yule mzee aliyekaribia kuapa alinionyesha orodha ya wagonjwa ambao sindano fulani ingewaua. Maabara wakanionyesha yao. Kila mlango nilioingia palikuwa na watu ndani ya kioo, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa mahali pengine.

Barua ya kuomba kabati la pamoja, na mahali pa pili pa kutunzia nakala zake, niliiandika wiki ile na kosa langu nikaliandika humo. Lakini kabati lingefika baada ya miezi, na mchana ule kulikuwa na joto, na nilipokuwa nimerudi wodi ya watoto nilisikia kiyoyozi kinakohoa. Sikukimbia. Nilimwomba muuguzi kalamu na daftari la shule, nikarudi kwenye kigoda. "Nisomee," nikamwambia. Akasogeza kiti, akaweka kidole kwenye kioo. "Wa kwanza, Mwanaidi, miaka minne," akasema. "Andika vizuri, dada. Huyu akikosa dawa siku mbili tu, anaanguka motoni."